Nyumba Niliyoshinda, Ardhi Nisiyopewa

Sehemu ya sita

Msomaji mmoja wa Kamachumu amemwandikia mhariri barua, na mhariri amenipa niisome. Anasema huyu Benigna anayelialia gazetini kila wiki alijitakia mwenyewe. Mjane maskini akipata nyumba ya vyumba saba, anasema, angeiuza siku ileile, akanunua ng'ombe, akanyamaza.

Ndugu yangu wa Kamachumu, asante kwa barua. Kwanza, silii. Pili, hao ng'ombe ningewafunga wapi? Kichwani?

Kwa ambaye hakusoma wiki zilizopita, habari yangu ni fupi. Niliolewa Muleba. Mume wangu alikufa bila kuacha mtoto, shemeji zangu wakachukua kibanja, migomba na mibuni yote, nami nikarudi kwetu Kanazi na sanduku moja la nguo. Nikapata kibarua cha kuchambua kahawa katika ghala la Bwana Bartholomayo Rugaibula pale Bukoba.

Mwaka ule bei ya kahawa ilipanda mpaka wanunuzi wakawa wanagombea wakulima barabarani. Bwana Rugaibula akabuni bahati nasibu. Kila gunia unalomuuzia, unapata tikiti moja, na zawadi ni nyumba yake mpya ya Kitendaguro. Wiki moja fedha za vibarua zilipungua, akatulipa kwa tikiti. Mimi nilipata mbili, na moja ikashinda.

Matofali ya kuchoma, paa la mabati, sakafu ya saruji, madirisha kumi na mawili ya vioo, na tangi la kukinga maji ya mvua. Watu walinibeba juu juu wakiimba. Tangu siku ile hakuna shilingi iliyolala kwangu siku mbili.

Nimeshawaeleza karamu ya siku tatu iliyonilazimu kukopa. Nimeshawaeleza ile mvua ya mawe iliyovunja vioo vitano, na bei ya kioo kimoja dukani. Nimeeleza kodi ya nyumba, na mafuta ya taa ya vyumba saba, na wajomba ambao sikuwa nawajua waliokuja kuomba karo za watoto ambao sijawaona. Nilieleza jinsi msimamizi wa ghala alivyonifukuza kazi akisema mwenye nyumba kama ile hawezi kukaa chini kuchambua kahawa na akina mama wengine. Hata muuza dagaa sokoni alikuwa akiniona anapandisha bei. Jina langu likawa Mama Vioo.

Nikaokolewa na wapangaji. Wa kwanza na wa kudumu ni Maulida, mwanamke wa Ujiji anayepika maandazi na kuyauza karibu na bandari. Alichukua vyumba viwili, akalipa bila kusumbua. Kodi yake ndiyo iliyolipa kodi ya serikali.

Hapo ndipo tulipofika. Mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita, vioo vyote vilikuwa vimerudishwa, nami nilikuwa nimeanza kupumua.

Wiki hii nakiri kosa jingine. Halikuwa kosa la tamaa, wala la majivuno kama lile la viti vya sebule nilivyonunua kwa mkopo. Lilikuwa kosa la adabu, na limenigharimu kuliko yote.

Jumapili moja baada ya misa, mdogo wangu Ildefons alikuja kutoka Kanazi. Ndiye aliyerithi kibanja cha baba yetu. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Dada," akasema, "umekaa humu mwaka na nusu. Umeshampelekea Bwana Rugaibula nini?"

"Nimpelekee nini? Ile ilikuwa bahati nasibu, si ubatizo."

"Hata hivyo. Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu." Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Migomba ya nyuma imezaa vizuri. Tukamue lubisi, tujaze kibuyu kimoja, umpelekee na mkungu mmoja wa ndizi. Mtu amekupa nyumba nzima, hajaonja hata tone!"

Maulida alikuwa mlangoni akichekecha unga. "Kwani Mama Vioo alipewa?" akauliza. "Si alilipwa kwa jasho lake? Kwetu mtu akishinda, ameshinda."

"Kwenu ni kwenu, mama," Ildefons akamjibu.

Nilimtetea mdogo wangu. Nilimwambia Maulida kwamba kwetu Buhaya hatuli peke yetu. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua anachosema.

Jumatano Ildefons akarudi na mtama wake mwenyewe wa kuchachusha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Akakanyaga ndizi, akakamua, akachanganya, akafunika. Siku mbili baadaye alikoroga, akaonja, akajaza kibuyu mpaka shingoni na kukiziba kwa jani la mgomba. Sikuwahi kumwona akifanya kazi kwa bidii namna ile. Nilifurahi, nikadhani ni upendo.

Jumamosi nikaenda.

Bwana Rugaibula alikuwa barazani kwake na wazee wanne. Nilipiga magoti, nikasalimu, nikaweka kibuyu na mkungu mbele yake. Akanipa kahawa za kutafuna kutoka kwenye kikapu kidogo, nikapokea kwa mikono miwili. Aliniuliza habari za nyumbani. Akamimina, akaonja, akawapa wazee.

"Tamu," akasema. "Ndizi za wapi hizi?"

"Za nyuma ya nyumba, waitu," nikamjibu kwa neno letu la heshima.

"Migomba ile ni ya nani?"

Wasomaji wangu wa mbali, naomba mnielewe hapa. Kwetu mkubwa akikuuliza hivyo, tena ameshakunywa lubisi yako, humjibu kwamba ni yangu. Hata mtoto hawezi. Mbuzi wako mwenyewe uliyemnunua sokoni, mkubwa akiuliza ni wa nani, unasema ni wako, waitu. Yeye anacheka, anasema hapana, ni wako, mama, Mungu akuongezee. Kisha mnaendelea na mazungumzo. Nimesema maneno hayo mara elfu, na baba yangu aliyasema, na kila mtu aliyelelewa vizuri ameyasema.

"Ni yako, waitu," nikasema.

Nikangoja acheke.

Hakucheka. Aliwageukia wazee wale wanne, mmoja baada ya mwingine. "Mmesikia," akawaambia.

Wakaitikia kwamba wamesikia.

Nilirudi Kitendaguro nikirudia maneno hayo kichwani, nisijue nimekosea wapi.

Baada ya siku nane karani wake, kijana mtanashati aitwaye Clavery, aliniletea barua. Alinisomea mwenyewe palepale mlangoni ingawa nilimwambia najua kusoma. Barua ilisema kwamba mteremko wote ule wa Kitendaguro ni nyarubanja ya ukoo wa Rugaibula tangu zama za babu yake. Ilisema mimi Benigna nimekiri mbele ya mashahidi wanne kuwa mtwarwa wake. Kwa hiyo kila mwaka nitapeleka kibuyu, kahawa na ndizi. Tena, kwa kuwa nimeweka wapangaji juu ya ardhi yake, nitampa nusu ya kodi yao, kuanzia siku ya kwanza Maulida alipoingia.

Kwa asiye wa huku: nyarubanja ni ardhi ambayo zamani Mkama, mfalme wetu, alimpa mtu wake mkubwa pamoja na watu waliokuwa wanakaa juu yake. Mwenye ardhi anaitwa mtwazi, anayelima ni mtwarwa. Mtwarwa hana karatasi. Kila mwaka anapeleka kibuyu, na akishapeleka amekubali.

"Na nisipotoa?" nikamuuliza Clavery.

"Utahama, mama."

"Nyumba ni yangu!"

"Nyumba ndiyo," akasema kwa upole kabisa, akakunja barua na kunikabidhi.

Maulida alisubiri aende. Kisha akaniambia, "Mimi nilisema."

"Ulisema. Sasa nyamaza."

Nilivaa, nikashika njia ya Kanazi. Nilitembea kwa hasira mpaka nikasahau kuchoka.

Nilimkuta Ephrasia, mke wa Ildefons, akimenya ndizi jikoni. Ildefons aliponiona akainuka kama anataka kwenda shambani.

"Kaa," nikamwambia. "Ulijua?"

Akaketi tena.

"Ildefons, ulijua kwamba kibuyu kile kitanifunga?"

"Aliniita," akasema. "Mwezi uliopita. Alisema, dada yako hana shukrani, na wewe unakaa kwenye ardhi yangu. Alete kibuyu mbele ya watu, la sivyo mtafute pengine pa kulima, wewe na watoto wako."

"Ardhi yake ipi? Hiki si kibanja cha tata, baba yetu?"

Akajikuna shingo. "Tata alimpelekea marehemu baba wa Rugaibula kibuyu, mwaka wa njaa. Alikwenda kuomba mihogo, akaona vibaya kwenda mikono mitupu. Mwaka uliofuata wakaja kukidai cha pili. Tangu hapo tunapeleka."

Miaka yote ile sikujua. Kwetu msichana haelezwi mambo ya ardhi, kwa kuwa si yake. Niliona vibuyu vikitoka nyumbani kila mwaka nikadhani vinaenda kwa rafiki wa baba.

Kisu cha Ephrasia kilikuwa kimesimama. Naye alikuwa hajui. "Miaka tisa nalima hapa," akasema taratibu. "Mibuni ile ya bondeni niliipanda kwa mikono yangu, Ildefons. Mimba ilikuwa miezi saba."

"Ungefanya nini ungejua?"

"Ningejua!" akapiga kelele. "Hilo ndilo ningefanya!"

Nilimchukia mdogo wangu pale jikoni. Dakika ileile nilimhurumia, maana nilimwona jinsi alivyokonda, na huruma hiyo ikanikasirisha zaidi. Nikamwambia kwamba sitatoa kibuyu cha pili, wala nusu ya kodi, wala robo.

"Atatutoa, dada."

"Anakutisha."

"Humjui."

"Wala yeye hanijui mimi," nikasema, nikaondoka bila kula.

Msinisifu. Nilimsikia mdogo wangu akisema atatolewa, nami nikaamua ni vitisho kwa sababu ilinifaa kuamua hivyo. Hilo nalo naliweka hapa hadharani.

Shauri lilisikilizwa kwenye baraza la gombolola, mahakama ya tarafa yetu, watu wakajaa mpaka uani. Mwami, mkuu wa gombolola, alikuwa mtu mzima asiye na haraka.

"Benigna, ulipeleka kibuyu?"

"Nilipeleka, waitu."

"Ulisema migomba ni yake?"

"Nilisema. Kama ambavyo ningekuambia wewe leo ukiniuliza."

Mwami akanitazama vizuri. "Hiyo shuka uliyojitanda ni ya nani?"

"Ni yako, waitu. Lakini nitarudi nayo nyumbani."

Baraza zima likaangua kicheko. Hata Mwami alifuta mdomo kwa kiganja. Nilidhani nimeshinda, na nakiri nilianza kutabasamu mapema.

Bwana Rugaibula akainuka. Hakuwa amekasirika hata kidogo. Alitoa tikiti moja ya bahati nasibu mfukoni, akamkabidhi Mwami.

"Nasikia mama huyu anasema namdhulumu nyumba," akasema. "Tikiti imeandikwa nini? Nyumba. Nani aliandika ardhi? Nyumba nilimpa, na mpaka leo ni yake, sitaki hata tofali. Migomba alishanirudishia mwenyewe kwa kinywa chake. Kama hataki kukaa kwangu kama watu wengine wanavyokaa, achukue nyumba yake aende nayo."

Safari hii walicheka watu wake, nao walikuwa wengi.

"Au," akaongeza, "mimi si katili. Nitamnunulia. Shilingi mia nne."

Mia nne! Mabati peke yake yalizidi hapo. Ndipo nilipoelewa hesabu yake yote. Msimu ule wa tikiti alinunua kahawa kuliko mtu yeyote wilayani, kila mkulima akimkimbilia yeye kwa ajili ya nyumba. Sasa kahawa ilikuwa imeshauzwa, faida imeshaingia, na nyumba ilikuwa njiani kurudi kwake, imetiwa vioo vipya na kupakwa chokaa kwa fedha zangu. Mwaka na nusu nilikuwa nalinda mali yake, tena nikilipa kwa kuilinda.

Mwami akasoma tikiti pande zote mbili. Akasema kwamba kwa yaliyo mbele yake, nyumba ni ya Benigna na ardhi ni ya Rugaibula. Mpaka mwisho wa mwezi nichague: nikae kama mtwarwa, niuze, au niondoe kilicho changu. Nisiporidhika naweza kukata rufaa.

Rufaa ina ada yake na miezi yake. Nilikuwa na shilingi kumi na moja.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia, waitu. Nachukua nyumba yangu."

"Unachukua vipi?"

"Kama ilivyokuja. Bati kwa bati."

Hakuna aliyecheka.

Njiani Maulida alinishika mkono. "Una wazimu," akasema. "Utaipeleka wapi?"

"Wewe unakaa mjini. Niambie."

"Kuna viwanja vya serikali upande wa sokoni. Unaandikiwa jina, unalipa kodi ya mwaka, basi. Havina bwana wa vibuyu."

"Mwanamke huandikiwa?"

"Mimi nina binamu kaandikiwa kibanda. Twende tukajaribu."

Nikauza viti vyote. Maulida akanilipa miezi mitatu mbele, ya vyumba ambavyo havikuwepo bado. Nikaandikiwa kiwanja, nikaweka kidole cha wino na jina langu kamili, Benigna Kokubanza, ingawa karani aliniuliza mara mbili kama sina mume wala kaka wa kuandikwa badala yangu.

Fundi Damian alizunguka nyumba akipigapiga kuta kwa kidole. "Mama, nimejenga nyingi," akasema. "Kuhamisha sijawahi. Matofali mengi yatavunjika."

"Mabati je? Mbao? Milango? Madirisha?"

"Hayo yatatoka, taratibu."

"Basi tuanze na paa."

Alikuwa na msaidizi mmoja tu, na fedha za wa pili sikuwa nazo. Nikavaa suruali ya marehemu mume wangu, nikaifunga kamba kiunoni, nikapanda mwenyewe. Kitendaguro nzima ilitoka kuangalia. Mama mmoja alijifunika uso kwa kanga, lakini nilimwona anachungulia.

Jamani, niseme ukweli? Sikuwahi kufurahi ndani ya nyumba ile kama nilivyofurahi juu yake. Kila msumari uliotoka niliuweka kwenye kopo. Ukiusikia ukilia unapong'oka, ni sauti nzuri sana. Toka juu ya kenchi nililiona ziwa lote, na kwa mara ya kwanza tangu tikiti ile itoke sikuwa nafikiria nani ananidai.

Tulikuwa tumeshusha mabati kumi na mawili Bwana Rugaibula alipokuja, mbiombio, bila kofia.

"Mama, shuka! Unaharibu nyumba!"

Nikaacha kupiga nyundo. "Nyumba ya nani, waitu?"

Watu wakasogea kumsikiliza. Alitazama huku na huku. Mashahidi walikuwa zaidi ya wanne.

"Nyumba ni yako," akasema kwa shida.

"Basi sogea kidogo, bati lisikuangukie."

Alipandisha bei palepale barabarani. Mia saba. Mia tisa. Nikaendelea kung'oa. Aliondoka bila kuaga, na usiku ule nililala chini ya nusu ya paa, nikalala usingizi mzuri.

Mngependa niishie hapo, najua. Nami ningependa.

Kesho yake, saa tisa hivi alasiri, mawingu yalikuwa yanakusanyika ziwani na Fundi Damian alikuwa ananihimiza. Mabati yaliyobaki yalikuwa machache, juu ya chumba kimoja tu. Nikaona watu wanapanda mteremko na mizigo kichwani. Wa kwanza alikuwa Clavery, yule karani, mikono mitupu. Nyuma yake Ildefons na godoro la majani. Nyuma yake Ephrasia, mtoto mgongoni, wengine wawili wakishika nguo yake, na kuku wawili wamefungwa miguu.

Sikuhitaji kuuliza. Niliweka nyundo juu ya kenchi.

"Ametutoa, dada," Ildefons akasema kutoka chini.

"Kwa shauri lipi? Mmepelekwa barazani?"

"Hatukupelekwa. Alituma watu, wakasema tutoke. Tukatoka."

"Mkatoka tu?"

"Tungefanya nini?"

Clavery akasafisha koo. Alisema Bwana Rugaibula hana ugomvi na mtu. Fundi arudishe mabati leo leo. Jumapili, mama Benigna apeleke kibuyu cha pili, hadharani. Akikubali sasa hivi, Ildefons na familia yake watalala kwao Kanazi. Asipokubali, kibanja hicho kuna mtu ameshakiomba.

Nilitazama chini. Mtoto wa kati alikuwa anaangalia vyumba visivyo na paa, akitafuta pa kuingia. Mimi ndiye niliyeambiwa watatolewa. Mimi ndiye niliyesema ni vitisho.

"Dada," Ildefons akasema. Alikuwa analia, mwanaume mzima, mbele ya watu. "Shuka. Kibuyu kimoja tu. Nitakukamulia mwenyewe kila mwaka, hutasumbuka. Shuka, nakuomba."

Fundi Damian akanitazama. "Tung'oe au tuyapigilie tena?"

Ndugu wa Kamachumu, kama ungekuwa pale ungesema nini? Nilikuwa na kiwanja kilichoandikwa jina langu, cha kwanza maishani. Nilikuwa na ndugu mmoja tu duniani.

Ephrasia akawasogeza watoto wawili kando. Akatua mzigo wake taratibu. Akamfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi Ildefons, naye akampokea bila kuelewa. Kisha akaja mpaka kwenye ngazi, akainua uso.

"Wifi," akaniita. "Nyundo nyingine iko wapi?"

"Ephrasia!" Ildefons akapaza sauti. "Ukipanda ngazi hiyo, kwangu usirudi. Nasema mbele ya watu hawa wote. Usirudi!"

Matone ya kwanza yakaanza kupiga mabati yaliyobaki. Ephrasia aliweka mguu mmoja kwenye ngazi, mwingine bado uko chini, akasimama hapo ameshikilia kwa mikono miwili. Ildefons alinitazama mimi, na mkewe alinitazama mimi. Nilichoamua nitawaeleza wiki ijayo.